Lile tumbo ni langu, ila uchi sikuwa

Naanza na hilo kwa sababu kuna rafiki yangu, mwenyewe anajijua, tangu jana usiku anahadithia baraza zima Forodhani kwamba nimeonekana uchi kwenye skrini ya tamasha. Uongo mtupu. Nilikuwa na kanga. Ya mke wangu, sawa, lakini kanga si nguo?

Kazi yenyewe mnaijua, nilishawachosha humu na vipicha vyake. Tangazo la sekunde 30 la tamasha la filamu, wanataka lionekane limechorwa kwa mkono, rangi inatembea. Wao walisema iwe Tingatinga, nikawaambia zile rangi za baiskeli alizoanza nazo mzee Edward Saidi Tingatinga pale Dar 1968 zinakauka upesi, mi nataka rangi ya mafuta niisukume kwa kidole juu ya kioo kama yule Mrusi Petrov aliyebeba Oscar mwaka 2000. Nilijisikia kweli siku hiyo.

Picha 12 kwa sekunde, zidisha mwenyewe. Unachora, simu imefungwa juu inapiga, unasogeza jahazi kidogo, unapiga tena, taa iko chini ya kioo. Feni marufuku maana inatikisa stendi, na joto la Unguja mnalijua, ndo kanga ikaingia hapo. Sasa juu inatakiwa kitambaa cheusi kizibe kila kitu libaki tundu la lenzi tu, kioo kisije kikamwonesha mtu. Nilikuwa nacho, baibui kuukuu la mke wangu. Akaja akalivuta, anaenda msibani. Nyie mngemwambia nini mtu anayewahi msibani? Nikaendelea hivyo hivyo, na siku hiyo ndo nilikuwa nachora bahari ya usiku, nyeusi tii.

Kwenye laptopu ilitoka nyeusi vizuri tu. Mwangaza nimeushusha, naokoa chaji.

Jana Ngome Kongwe, ngazi za mawe zimejaa, mama mkwe kakaa mbele kabisa, tiketi nimempa mimi. Asubuhi kwenye tangazo ikapita safi, watu wanaguna kwa raha. Ukaingia usiku. Bahari, mwezi, jahazi linatokea kushoto. Halafu chini ya jahazi pakaanza kung'aa kitu, cha rangi ya maji ya kunde. Nikasema wingu hilo. Wingu likawa na kitovu. Jamani, kitovu, ukubwa wa mlango! Na kwa vile kila picha nilisimama kivyake, tumbo lote linatetemeka, linavimba, linanywea, jahazi linapita juu yake taratibu kama linatafuta bandari. Kuna mtoto nyuma akauliza kwa sauti, "Mama, yule baba anakula nini?" Andazi. Lile andazi nilikula asubuhi nzima huku nachora, kwenye skrini likaisha kwa sekunde moja, nyam nyam nyam, na ile kanga inashuka... hapo nikafumba macho, kwa hiyo msiniulize iliishia wapi. (Haikufika mbali. Nimeangalia baadaye picha moja moja.)

Ningeponyoka gizani nisijulikane. Mshereheshaji akashika maiki, "Msanii wetu tunaye hapa, asimame tumuone!" Nikasimama. Shati limenibana. Watu wakatazama skrini, wakanitazama mimi, wakatazama tena skrini.

Mengine hayana maana, waandaaji wamesema lirudiwe kila siku hivyo hivyo, hela iliyobaki wamelipa, mke wangu anataka kanga yake. Mama mkwe aliniita pembeni akanishika mkono, "Baba, alhamdulillahi, naona mwanangu anakulisha."

Na wewe uliyekata kile kipande cha andazi ukakifanya stika ya WhatsApp, imeshafika grupu la ukoo. Shemeji ndo anaitumia kuitikia salamu.