Kodi kati ya Marekani na Taiwan: sheria ya ndani mahali pa mkataba

Mkataba wa kuzuia kodi kutozwa mara mbili hufungwa kati ya dola zinazotambuana, na Washington iliacha kuitambua Taipei tarehe 1 Januari 1979. Ndiyo maana muswada uliopitishwa na Baraza la Wawakilishi 15 Januari 2025, kwa kura 423 dhidi ya 1, umetafuta mlango mwingine: unaongeza kifungu cha 894A ndani ya sheria ya kodi ya Marekani yenyewe. Bado unahitaji Seneti na saini ya Rais.

Tupige hesabu. Kampuni tanzu ya Taiwan iliyoko Arizona ikipata faida ya dola 100, kodi ya shirikisho inachukua 21. Zile 79 zikipelekwa kwa kampuni mama kama gawio, yaani mgao wa faida, kodi ya zuio (inayokatwa kabla fedha hazijamfikia mpokeaji) ya 30% inakata 23.70, zinazofika ni 55.30. Muswada unashusha zuio hadi 10% kwa kampuni yenye angalau 10% ya hisa, na 15% kwa wengine. Kwa kiwango cha 10%, zinafika 71.10. Riba na mrabaha (malipo ya kutumia teknolojia au haki za mwingine) navyo vinashuka hadi 10%. Samsung inayojenga kiwanda cha chipu Texas inalindwa na mkataba wa Korea Kusini. TSMC, kampuni ya Taiwan ya kutengeneza chipu iliyotangaza uwekezaji wa dola bilioni 165 Arizona, haina kinga hiyo.

Hata hivyo, TSMC siyo inayobanwa zaidi, kwa kuwa kiwanda kinachojengwa humeza faida yake kabla ya gawio. Anayeumia ni msambazaji wa gesi na kemikali, au mkandarasi wa kufunga mitambo. Leo akipeleka mafundi, kazi yao inaweza kutosha kumwingiza kwenye kodi ya Marekani. Muswada unataka kwanza awe na kituo cha kudumu cha biashara, na eneo la ujenzi linahesabiwa kituo likizidi miezi 12. Mradi ukichelewa, nafuu hiyo inapotea, na miradi ya viwanda vya chipu huchelewa sana.

Wanaoupinga utaratibu huu wana hoja nzito. Sheria ya ndani Bunge lijalo linaweza kuibadilisha bila kuiuliza Taipei. Mkataba pia unaweza kupitwa na sheria mpya, ila kuuvunja kunagharimu heshima ya nchi. Tena nafuu haianzi mpaka Wizara ya Fedha ya Marekani iridhike kwamba Taiwan, inayokata 21% kwenye gawio la wageni, imetoa nafuu inayolingana.

Hofu ya Taiwan kwamba viwanda vyake vitahamia Marekani haina mashiko sana: viliitwa na wateja na ruzuku za Marekani kwa viwanda vya chipu, huku zuio la 30% likiwa palepale.

Sehemu ya pili ya muswada inamruhusu Rais kujadili makubaliano kamili ya kodi, yatakayoidhinishwa na Bunge. Seneti isikubali kuiondoa ili kuharakisha kura, kwani kifungu cha 894A peke yake kinamwacha mwekezaji wa miaka 20 akitegemea utashi wa upande mmoja.