Kupima chembe kwa ultrasaundi: faida iko wapi, shaka iko wapi

Rangi ya ukuta iliyomo koponi haipitishi mwanga, na ndiyo kazi yake. Kwa sababu hiyo, mtaalamu wa maabara anayetaka kujua ukubwa wa chembe zake kwa kipimo cha leza hulazimika kwanza kuizimua kwa maji mengi, ilhali kuizimua kwenyewe kunaweza kuyavunja mafungu ya chembe zilizokuwa zimeshikamana, au kuzigandanisha zilizokuwa zimetengana. Anachokipima mwishowe si kile kilichokuwamo koponi. Hapo ndipo watetezi wa ultrasaundi, yaani sauti kali isiyosikika kwa sikio la binadamu, wanapojengea hoja yao, na hoja hiyo ina uzito: sauti hupenya rojo zito ambalo mwanga hauwezi kulipenya, kwa hiyo kipimo kinaweza kufanyika ndani ya bomba la kiwanda bila kuongeza tone la maji.

Utaratibu wake ni kupitisha mawimbi, aghalabu ya kati ya megahezi 1 na 100 (megahezi moja ni mitikisiko milioni moja kwa sekunde), kisha kuangalia yamefifia kiasi gani katika kila masafa, yaani kila idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Katika maji ya nyuzijoto 20 sauti husafiri mita 1,480 hivi kwa sekunde, hivyo wimbi la megahezi 10 lina urefu wa takriban mikromita 150 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Mbele ya wimbi hilo chembe ya mikromita moja ni ndogo mno, na sauti inayoitawanya kando ni hafifu. Nguvu nyingi hupotea kwa njia nyingine. Chembe nzito, kama zile za dioksidi ya titani zinazoipa rangi weupe, huchelewa kuyafuata maji yanayotikisika, na msuguano huigeuza sauti kuwa joto. Matone ya mafuta ndani ya maziwa, ambayo densiti yake (uzito kwa ujazo) haipishani sana na ya maji, huifyonza sauti hasa kwa joto linaloingia na kutoka kwenye tone kila wimbi linapopita.

Gharama huanza tunapotaka kuugeuza mfifio huo kuwa ukubwa wa chembe. Nadharia inayotumika sana, ya Epstein na Carhart (1953) iliyopanuliwa na Allegra na Hawley (1972), hudai sifa za chembe na za kimiminika pia: densiti, mwendo wa sauti, ufyonzaji wake, upitishaji wa joto, kiasi cha joto kinachohitajika kupandisha nyuzi, utanukaji, na mnato au ugumu. Kwa maji na mafuta ya kawaida majedwali yapo. Kwa dawa mpya ya unga, nani amekwisha kupima utanukaji wake? Isitoshe, mgawanyo zaidi ya mmoja wa ukubwa, yaani chembe ngapi ni ndogo na ngapi ni kubwa, unaweza kutoa mfifio unaokaribiana, na programu iliyoambiwa mapema kwamba chembe ni kundi moja haitayaona makundi mawili.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba nadharia hiyo huichukulia kila chembe kana kwamba iko peke yake. Katika megahezi 1, tabaka la maji linalovutana na chembe kwa mnato lina unene wa karibu nusu mikromita, na ndani ya rojo zito matabaka hayo huingiliana. Yako masahihisho ya hali hiyo, lakini ni ya makadirio. Yaani hesabu hulegea palepale kipimo kinaposifiwa. Viputo vya hewa navyo havina huruma, kwani chenye nusu kipenyo cha mikromita 3 hivi huitika karibu na megahezi 1 na kuimeza ishara.

Hata hivyo, msimamizi wa kiwanda mara nyingi hahitaji ukubwa halisi. Anataka kujua kama rojo la leo linafanana na lile la jana lililokubalika, na kwa swali hilo mfifio wenyewe, ukipimwa katika joto lisilobadilika, ni shahidi mzuri kuliko sampuli iliyozimuliwa. Kwa kazi hiyo ningeichagua ultrasaundi bila kusita. Pale mikromita zinapoandikwa kwenye cheti cha mauzo, mambo ni tofauti: kama cheti hakitaji sifa zilizoingizwa kwenye hesabu wala umbo la mgawanyo lililodhaniwa, mnunuzi ana haki ya kukirudisha.