Kitasa Kipya, Wapangaji Nje

Ijumaa moja jioni nilibadili ufunguo wa DNSSEC, mfumo wa kutia saini anwani za mtandaoni, kwa domeini ya ofisi moja hapa Dodoma, nikazima kompyuta, nikaenda zangu Area C kula chipsi. Jumamosi simu hazikukatika: tovuti haifunguki, barua pepe haziingii. Kwangu ilikuwa inafunguka vizuri tu. Mtandao niliokuwa nautumia haukuwa unakagua saini, kwa hiyo haukuona kosa lolote. Waliofungiwa nje ni wateja wa watoa huduma wanaokagua. Aliyekuwa mwangalifu ndiye aliyeumia.

Kosa langu lilikuwa haraka. DNSSEC hutia saini majibu ya DNS, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, ili mtu asikupenyezee anwani ya uongo. Alama ya ufunguo wako mkuu huwekwa kwa domeini iliyo juu yako, katika rekodi ya DS, na resolva, yaani seva zinazotafuta anwani kwa niaba ya watumiaji, zikishaichukua huitunza kwa saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima. Mimi niliondoa ufunguo wa zamani kabla muda huo haujaisha. Ni kama mwenye nyumba wa Nkuhungu aliyebadili kitasa cha geti wapangaji wakiwa kazini. Kitasa kizima, wapangaji nje.

Tangu siku hiyo nawaelewa wanaosema ufunguo usiguswe. Hoja yao ina uzito. Ufunguo wa RSA (njia moja ya kutengeneza funguo) wa biti 2048 hauvunjiki kwa mbinu zinazojulikana leo, na mara nyingi domeini zinazozimika kwa sababu ya DNSSEC huzimwa na wenyewe. Mei 2023 hata baadhi ya domeini za .nz, ya New Zealand, ziliacha kufunguka baada ya zoezi la kubadili ufunguo, na wale si wanagenzi.

Lakini mimi sitishwi na hisabati. Natishwa na uhamisho. Katika mji huu wa serikali, mtu wa IT yuko hapa leo, mwakani yuko Kigoma. Nani aliyenakili faili la ufunguo kwenye flashi? Laptopu ya zamani iko kwa nani? Ufunguo wa miaka sita umepita mikono mingi. Tena ukivuja, utatakiwa kubadilishwa upesi, na kama hakuna ofisini aliyewahi kuubadili, atajifunzia kwenye moto.

Mfano mkubwa ni ufunguo wa mizizi, ule ulio juu ya domeini zote. Zoni ya mizizi ilitiwa saini Julai 2010, na ufunguo wake mkuu ulitarajiwa kubadilishwa baada ya miaka mitano. Ilichukua minane. Mabadiliko yalipangwa Oktoba 11, 2017, lakini wiki mbili kabla ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya domeini duniani, ikaahirisha, kwa sababu taarifa zilionyesha kuwa baadhi ya resolva bado zilijua ufunguo wa zamani tu. Watumiaji waliokadiriwa kuwa wangeweza kuguswa na mabadiliko walikuwa milioni 750. Ufunguo ulibadilishwa Oktoba 11, 2018, na dunia haikusimama.

Kuahirisha kulikuwa sahihi, nadhani. Ila jiulize kwa nini resolva zile zilibaki nyuma: kwa miaka saba ufunguo haukuwa umebadilika, na watu wakaugandisha kwenye mipangilio kana kwamba hautabadilika kamwe. Woga wa kubadili ndio uliofanya kubadili kuwe kwa hatari.

Kwa ofisi ndogo yenye fundi mmoja, sitashauri ratiba ya kila mwaka kwa ufunguo mkuu. Ule mdogo, unaotia saini rekodi za kila siku, iachie programu iubadili yenyewe. Mkuu ubadilishe mtu anapohama, unapobadili algorithimu, au ukiwa na shaka. Mazoezi yafanyie kwenye domeini ya majaribio, mpaka hatua zikae mkononi. Na isiwe Ijumaa.

Ufunguo mwingine wa mizizi ulianza kutangazwa Januari 2025, na umepangwa kushika kazi Oktoba 11, 2026. Resolva inayojisasisha huukubali baada ya kuuona kwa siku 30 mfululizo. Ile iliyokuwa stoo imezimwa haiuoni. Kama ofisi yako ina resolva inayokagua saini, fungua orodha ya funguo za mizizi utafute namba 38696, ya ufunguo huo mpya. Ukiikuta 20326, ya ule ulioanza kazi 2018, peke yake, una kazi.