Nani anaimaliza barafu ya Kilimanjaro?

Kwa hesabu za mwaka 2002, kilele cha Kibo kilipaswa kuwa mawe matupu kufikia leo. Mwaka huo Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti walioufanya mlimani mwaka 2000, wakatabiri kwamba barafu ya Kilimanjaro ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Mwaka 2020 ukaja, ukapita, barafu ikabaki. Wanaobeza habari za mabadiliko ya tabianchi wakapata la kusema.

Walishangilia mapema mno. Mwaka 1912 barafu ile ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2000 zilikuwa zimebaki kama 2.5, na picha za satelaiti za 2021 na 2022 zilionyesha eneo lililo chini kidogo ya kilomita ya mraba 1. Aliyekosea tarehe hakukosea mwelekeo. Kwamba barafu inakwisha, hakuna mtafiti anayebisha. Kinachobishaniwa ni chanzo, na hapo pande zote mbili zina hoja nzito kuliko zinavyosimuliwa mitandaoni.

Upande wa kwanza ni wa Georg Kaser wa Innsbruck, Austria, pamoja na Thomas Mölg na Douglas Hardy. Hardy ndiye aliyesimika kituo cha hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini mwaka 2000, na vipimo vyake vimewapa shida waliozoea kusema kwamba joto la dunia linaiyeyusha Kilimanjaro. Wastani wa joto la hewa kule juu ni nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo hewa peke yake haiwezi kuyeyusha kitu. Barafu inaliwa na jua kali la ikweta, na sehemu kubwa inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hatua ya maji, kama vipande vya barafu vilivyosahauliwa kwenye friza vinavyosinyaa vyenyewe. Ndiyo maana kingo zake ni kuta zilizosimama wima kama zilizokatwa kwa msumeno.

Kwa maelezo haya, theluji mpya ina kazi mbili. Inaongeza ujazo wa barafu, na inaikinga. Theluji iliyoanguka jana hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Barafu kuukuu, iliyochafuka kwa vumbi la volkano, hurudisha kiasi kidogo kuliko hicho, na mwanga unaobaki ndani ndio unaoimaliza. Kwa hiyo wakati wa theluji kuanguka una uzito sawa na kiasi chake. Masika ikichelewa au vuli ikigoma, barafu hukaa uchi juani kwa wiki nyingi. Kaser na wenzake wanasema ukame uliikumba Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1880, wakati ambapo hata maji ya Ziwa Victoria yalishuka. Tena kufikia 1953 karibu nusu ya barafu ya 1912 ilikuwa imekwenda, kabla moshi wa viwanda na magari haujafikia viwango vya leo. Hoja hiyo ni ngumu kuipangua.

Thompson hakunyamaza. Mwaka 2009 timu yake ilieleza kwamba viputo vya hewa katika sentimita 65 za juu za moja ya nguzo za barafu walizochimba (vipande virefu vinavyotolewa kwa kuitoboa barafu) vilikuwa vimevutika kwa namna inayotokea barafu inapoyeyuka na kuganda tena, na kwamba alama kama hizo hawakuziona mahali pengine popote chini yake. Hoja yake nyingine ni ya historia. Anasema barafu ile ilianza kujengeka miaka 11,700 iliyopita, na ilivuka ukame mkali wa miaka 4,000 iliyopita ulioacha tabaka la vumbi ndani yake. Kama ukame ule haukuimaliza, huu wa sasa utaimalizaje bila msaada wa joto?

Kwa maoni yangu, wote wamekodolea macho kipimajoto cha kileleni kuliko inavyostahili. Unyevu unaotengeneza theluji ya Kibo hutoka Bahari ya Hindi, na Mölg mwenyewe amehusisha ukame wa mlimani na mabadiliko ya bahari hiyo. Bahari ikipata joto, mvua hubadili njia na majira yake. Mtu anayesema "ni ukame, si joto" ametoa nusu ya jibu, na anayeitwika gesijoto barafu yote iliyopotea tangu 1912 amevuka mpaka wa ushahidi. Kama lazima nichague, nasema Kaser yuko sahihi kuhusu namna barafu inavyoondoka na kuhusu mwanzo wa mporomoko, lakini siamini kwamba kilichoondoka miongo ya karibuni kinaelezeka bila mkono wa binadamu.

Kuna jambo jingine ambalo ubishi huu umelifunika, nalo ni maji. Mara ngapi tumesikia kwamba barafu ikiisha Moshi itakauka? Tupige hesabu kwa ukarimu. Shimo refu zaidi walilochimba Thompson na wenzake lilikuwa la mita 51 hivi. Tuseme barafu yote iliyobaki ina unene wa mita 50, ingawa haina, na ienee kilomita nzima ya mraba. Hizo ni mita za ujazo milioni 50, kwa mara moja tu, kisha basi. Katika msitu wa mteremko wa kusini mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, yaani kilomita 25 za mraba za msitu hupokea kiasi hicho hicho kila mwaka, na msitu wenyewe una mamia ya kilomita za mraba. Mifongo ya Wachaga (mifereji yao ya umwagiliaji), mto Kikuletwa na bwawa la Nyumba ya Mungu hunywa kutoka msituni.

Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth amelisema hili kwa miaka mingi. Moto unaounguza miti ya erika kwenye ukingo wa juu wa msitu unaondoa majani na matawi yanayonasa maji ya ukungu, na tangu miaka ya 1970 moto umeusukuma ukingo huo chini. Oktoba 2020 mlima uliungua, Oktoba 2022 ukaungua tena. Habari hizo zilidumu siku chache, ilhali picha ya kilele kinachopungua weupe inazunguka dunia mwaka mzima. (Hofu ya utalii nayo naiona imetiwa chumvi, maana wengi hupanda kwa sababu ya mita 5,895.)

Hata hivyo, haifuati kwamba barafu haina thamani. Hasara yake kubwa ni kwa utafiti wenyewe. Mwaka 2010 Kaser na wenzake waliutilia shaka umri wa miaka 11,700, wakasema inawezekana barafu ya Kibo imekuja na kuondoka zaidi ya mara moja. Wakiwa sahihi, hoja ya Thompson kuhusu ukame wa kale inapoteza mguu. Kuamua kunahitaji sampuli mpya kutoka tabaka za chini kabisa, na tabaka hizo zipo katika vipande vinavyopungua kila mwaka. Nguzo zilizochimbwa mwaka 2000 zimehifadhiwa kwenye majokofu huko Columbus, Ohio. Si ajabu kijana wa Kitanzania atakayetaka kupima upya umri wa barafu ya Kilimanjaro akalazimika kuanza kwa kuomba viza.