Ukijua kucheza kati, mpira huu hautakushinda

Mpira wa Marekani ule wa helmeti na mabega ya plastiki haujanivutia mpaka leo, ingawa mimi wa Mombasa si mgeni tena hapa Georgia, Marekani. Watu wanagongana, wanalala, mchezo unasimama, matangazo yanaingia, wanagongana tena. Lakini una mdogo wake, unaochezwa watano kwa watano na hakuna anayeangushwa chini, na huo nimeupenda kweli. Kinachoniuma ni kwamba hao wanaonikumbusha Mombasa kila nikiutazama ni watoto wa kike, na Mombasa ndiyo isiyowapa uwanja.

Unaitwa flagi futboli. Kila mchezaji anafunga mkanda wenye vitambaa vinavyoning'inia nyongani, kulia na kushoto. Humkamati mwenye mpira wala humsukumi: ukichomoa kitambaa kimoja tu, refa anapiga kipenga na mchezo unaanzia tena pale pale. Naye mwenye mpira haruhusiwi kuziba kitambaa kwa mkono, na shati analichomeka ndani lisije likakificha. Mpira ukidondoka chini umekufa. Hakuna kurundikana juu yake.

Timu inaanzia yadi 5 kutoka mstari wa kufungia wa upande wake na inapewa majaribio manne ya kuvuka nusu ya uwanja. Ikivuka inapata manne mengine ya kufunga, ikishindwa wenzao wanachukua. Senta anapitisha mpira nyuma kwa kwotabeki, yaani mrushaji wa timu, naye haruhusiwi kuvuka mstari wa kuanzia akikimbia nao mwenyewe. Aurushe au ampe mwenzake. Mlinzi anayetaka kumvamia hukaa yadi 7 mbali, mpira ukitoka tu anafyatuka. Na mchezo ukianzia ndani ya zile yadi 5 za mwisho kabla ya mstari wa kati au wa kufungia, huruhusiwi kuanza kwa kukimbia nao, ni pasi tu. Kufunga ni pointi 6, halafu mnachagua: pointi 1 ya nyongeza kutoka yadi 5, au mjitie ujasiri mtafute 2 kutoka yadi 10.

Sasa mtazame binti anayekimbia na mpira akiwa na mlinzi mbele yake. Hana njia ya kutumia nguvu. Anachonacho ni kiuno: anakitupa kushoto, mlinzi anachota hewa, yeye keshapita kulia na vitambaa vyake vyote viwili vinapepea. Ukiona hivyo, kama umekulia Majengo au Kisauni kule Mombasa, unajua umeshaona. Ni kati, ule mchezo wetu wa utotoni. Wasichana wawili wanarusha mpira wa makaratasi na nailoni, mmoja yuko katikati anaukwepa kwa kukunja mwili ambavyo mwalimu yeyote hakumfundisha. Kurusha kwa shabaha, kudaka, kukwepa: huo ndio mpira huu wote. Na kati ina ugomvi wake wa kila siku, "nimekupata!", "hukunipata!", mpaka mmoja anakwenda kwao amenuna. Hapa mwenye kukuzuia ananyanyua kitambaa juu kila mtu akione, maneno yameisha.

Msidhani nasifia kila kitu cha huku. Ligi ya mtaani kwangu ina ada, fomu za bima, na mzazi mwenye gari, la sivyo mtoto hachezi. Wazazi wanakunja na kukunjua viti vyao, wanapiga kelele kuliko wachezaji, na mtoto kila akimaliza zamu anamtazama kocha usoni kujua kama afurahi au ahuzunike. Saa ya mechi ikiisha uwanja unabaki mtupu, nyasi nzuri kama zulia, hakuna mtoto hata mmoja. Kwetu baada ya alasiri hakuna anayeita watu. Watajaa wenyewe Tononoka na Makadara, watagawana timu, watacheza mpaka adhana ya magharibi. Kwa hilo sisi ni matajiri na sitaki kusikia mengine.

Lakini wahesabu hao waliojaa. Ni wavulana. Msichana anacheza kati hadi anapokaribia kumaliza msingi, kisha siku moja humuoni tena, na hakuna anayeuliza amekwenda wapi. Huku Georgia, shirikisho la michezo ya sekondari liliufanya flagi futboli ya wasichana kuwa mchezo rasmi mwaka 2020, wao wakiucheza saba kwa saba. Oktoba 2023, katika kikao chake cha Mumbai, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikauingiza katika michezo ya Los Angeles 2028, wanaume na wanawake. Na msidhani ni mali ya Wamarekani: kwenye mashindano ya dunia ya World Games ya 2022 kule Birmingham, Alabama, wanawake wa Mexico waliwachapa wenyeji fainali 39-6.

Kuna atakayeniambia tuna raga ya wachezaji saba, na Kenya ilichukua kombe la mashindano ya Singapore 2016 kwa kuwafunga Fiji. Kweli, na nilishangilia. Lakini nenda kamwambie mama wa Old Town bintiye akaangushwe na mtu kwenye nyasi, uone jibu. Ami yangu husema mchezo wa kugusana haumfai mtoto wa kike. Haya ami, huu kanuni zake zenyewe zimekataza kugusana. Binti anacheza na hijabu yake, mikono mirefu, suruali ya mazoezi, madamu shati limechomekwa. Udhuru huo umekwisha. Nasubiri tuambiwe unaofuata.

Pesa si kisingizio. Uwanja wa watano kwa watano ni yadi 50 kwa 25, na yadi 10 za kufungia kila upande, yaani kama mita 64 kwa 23. Uwanja mmoja wa kandanda wa shule unaingia viwili na zaidi, na maji yakikupwa pale ufuo wa Pirates, mchanga mgumu unakungoja bure. Vitambaa vya kiunoni, fundi yeyote karibu na Biashara Street atavikata kwenye mabaki ya leso. Mpira wa raga utafaa kuanzia, ingawa ni mnene kidogo kwa mkono wa mtoto.

Kigumu ni saa. Wavulana wakishaingia uwanjani alasiri hawatoki, na wasichana hawatawagombania. Kwa hiyo naziangalia shule zenye ukuta na geti, ambazo viwanja vyake hukaa na kufuli Jumamosi asubuhi. Saa mbili hadi saa nne, mwalimu mmoja wa kike mwenye kipenga. Mikanda ya kuanzia nitaituma mimi. Dada yangu wa Majengo amekubali kuipokea, na ameshaniuliza kama umri wake unaruhusu kuwa kwotabeki.