Katodi za Kasumbalesa zina kazi nyingine

Kwenye barabara ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, malori yaliyobeba katodi za shaba, yaani mabamba ya shaba safi, hupanga foleni mchana kutwa. Mtoto wa Lubumbashi huzijua katodi hizo kabla hajaanza shule. Wachache humwambia kwamba shaba ya namna hiyo ndiyo inayowakosesha usingizi wanakemia wanaotaka kuigeuza kaboni dioksidi iwe kitu cha kutumika.

Mwaka 1985 Yoshio Hori na wenzake, huko Japani, walijaribu kuigeuza kaboni dioksidi kwa umeme juu ya metali mbalimbali, ndani ya maji yenye bikabonati. Dhahabu na fedha zikatoa monoksidi ya kaboni. Nikeli na chuma, karibu hidrojeni tupu. Shaba ikatoa methani, na baadaye ikaonekana inatoa hata ethilini, gesi ya kutengenezea plastiki, na alkoholi. Siri iko kwenye uso wake: haiachii monoksidi ya kaboni mapema kama fedha, wala haiing'ang'anii kama nikeli mpaka uso uzibe. Ila shaba haina nidhamu. Mwaka 2012 watafiti wa Stanford walihesabu bidhaa 16 kwenye katodi ya shaba, na kuzitenganisha ni gharama.

Hapo ndipo ninapoona nafasi yetu. Chombo cha jaribio ni kidogo: vyumba viwili vya kioo, utando katikati, kipande chembamba cha shaba ambacho ndicho katodi. Viputo huanza. Baada ya muda methani hupungua, hidrojeni huongezeka, na sababu mara nyingi ni chembe za chuma au zinki zilizokuwa majini, sasa zimejibandika juu ya shaba. Nani ameishi na tatizo la uchafu kwenye katodi kuliko mafundi wa viwanda vya shaba vya Likasi na Kolwezi? Elimu hiyo tunayo, tena ya vizazi, lakini tumeifungia kiwandani.

Wataniambia: watu wanapika kwa makala, misitu ya miombo inaisha, wewe unatuletea ethilini! Ni kweli, utafiti huu hautaokoa mti hata mmoja karibuni, na anayeuuza kama dawa ya tabianchi anatudanganya. Kaboni dioksidi ni kama majivu: nishati imeshatoka, kuirudisha kunadai umeme mwingi. Umeme huo ukitokana na makaa ya mawe, utatoa gesi nyingi kuliko utakayoimeza. Mimi nautaka utafiti huu ili kijana wa hapa aijue shaba kupita bei yake kwenye soko la London.

Kwenye sola nako tumo, kwa mtindo uleule. Metali ya germani inayotolewa kwenye terril, ule mlima mweusi wa mabaki ya kiwanda mjini Lubumbashi, ilianza kusafirishwa kwenda Ubelgiji mwaka 2024. Metali hiyo ndiyo msingi wa seli nyingi za sola za satelaiti. Sisi tunaona gunia likiondoka.

Maabara inahitaji kromatografu ya gesi ya kupimia kilichotoka, na umeme usiokatika jaribio likiwa katikati. La pili linamalizwa na paneli na betri za paa moja. La kwanza lina mahali pa kuombewa: Kanuni ya Madini ya Kongo ya 2018 inapeleka asilimia 10 ya mrabaha kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Wakuu wa mfuko waanze na mashine hiyo moja, waipeleke idara ya kemia ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na bajeti ya vipuri na ya fundi wa kuitunza.