Jini wa Ujiji na taa ya tyubu

Wale mnaosema kutengeneza muvi ni kushika kamera tu na kupiga kelele "akshen" njooni Kigoma niwaoneshe. Tulikuwa tunashuti muvi ya jini huku Ujiji, bajeti ya kuungaunga, damu tumekoroga mawese na unga wa ngano, kwenye kamera ikatoka rangi ya chungwa, jini wetu akawa kama mtu aliyetoka kula migebuka akasahau kunawa.

Sebule tulipewa bure na bibi mmoja, sharti tusivunje vikombe vya kabatini. Taa yake ni ile tyubu ndefu ya zamani. Sasa kila tukiwasha kamera, kwenye skrini tunaona mistari myeusi inampanda jini taratibu kuanzia miguuni mpaka usoni, ukimwangalia kwa macho hana kitu. Dairekta akasema lenzi chafu, nikafuta. Tukabadili memori kadi, wapi. Bibi akaja kuchungulia skrini, kimyaa, halafu akasema, "Wajukuu zangu, huyo sasa ndo mwenyewe."

Wa kwanza kukimbia alikuwa jini. Katoka mbio na mawese yake kifuani mpaka barabarani, kuna bodaboda ilimuona ikaingia mtaroni yenyewe bila kusukumwa (dereva mzima, alidai hela ya taa tu).

Bibi akamuita mzee wa jirani, mzee akakaa kwenye mkeka akaanza dua. Mimi huku nimezama kwenye menyu, nakuta kamera, ambayo tulikodi, imesetiwa kwa umeme wa Marekani, hertz 60 (yaani mizunguko 60 kwa sekunde). Umeme wetu Tanzania ni hertz 50 na kila mzunguko taa inafifia mara mbili, kwahiyo tyubu inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halishtuki ila shata (muda kamera inapokea mwanga kwa kila picha) ikiwa 1/60 ya sekunde haiendi sawa na taa, ndo inaleta mistari hiyo. Nikaweka hertz 50, frem (picha) 25 kwa sekunde, shata 1/50, mistari ikakata hapohapo na mzee naye hapohapo akasema "Amin!"

Nani atanielewa hapo? Nikaanza kueleza mambo ya hertz, bibi akanikatisha, "Nyamaza mjukuu wangu, mshukuru babu yako." Hela ya msosi wa kru ikaenda kwa mzee na kuku juu, sisi tukashindia mihogo.

Jini aligoma kurudi, tukatafuta mwingine wa ile sini ya kuruka juu ya ziwa, tukatundika kitambaa cha kijani ukutani ili baadaye kompyuta ifute kijani yote tuweke picha ya ziwa. Dogo kaja na jezi ya Yanga, ya kijani, anasema haivui hata kwa bunduki. Haya tukashuti. Kwenye kompyuta kufuta kijani tunaona kichwa na mikono miwili vinakatiza Ziwa Tanganyika peke yake. Edita wetu ni Simba damu, kacheka mpaka kakaa chini, anaapa hajagusa kitu, eti Yanga imejifuta yenyewe.